Mgahawa wa Simba na Ufa wa Mama Pimbi

Hapo zamani za kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia nyua zao kama sisi, usiku wa manane mwambani kulisikika ko, ko, ko. Mama Pimbi akawakumbatia wanawe wachanga ndani ya ufa, akachungulia. Kumbe ni Fisi, anapigilia vigingi.

"Unafanya nini hapo, Bwana Fisi?"

"Simba anatafuta pa kujenga mgahawa wa uji. Kesho nampendekezea hapa, karibu na kwangu, niukombe ukoko wote. Nyufa zitazibwa, kwa hiyo anza kufunga virago, mama watoto."

Zizibwe? Aende wapi na watoto hawajajua hata kuruka? Akalie mbele ya Simba? Simba ana habari gani na watoto wa pimbi? Akawaza, akawaza, mpaka kukapambazuka.

Baraza likakaa chini ya mwamba. Desturi ya pale, mtoa ushauri husimama juu ya kinu kilichopinduliwa, na hashuki mpaka Simba aishiwe na "kwa nini".

Fisi akapanda. "Jenga mwambani, mzee. Wateja watajaa, faida itapanda, jina litakua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... ni pazuri."

"Maneno hayo hata muuza mkaa ungemwambia," Simba akanguruma. "Mimi nauza uji. Shuka."

Akapanda Mama Pimbi. "Jenga kivukoni, mzee."

"Kwa nini?"

"Wateja wako ni Nyati na Pundamilia, na kila asubuhi wanapita kivukoni na njaa zao. Huku juu hawafiki, kwato zinateleza. Tena uji unataka maji, na pale utachota mlangoni."

"Masika je? Kivukoni ni tope tupu."

Hapo wengi hubabaika. Yeye hakulificha tope. "Ni kweli, mzee, lipo. Lakini tope utaliinulia sakafu ya mawe, basi, limekwisha. Kwato za Nyati utazifanyaje?"

Nyati akacheka, akajaribu kuupanda mwamba. Akateleza... puu! Akatua kwa matako.

"Kivukoni," akasema Simba, na hakuuliza tena. Fisi akaenda kung'oa vigingi vyake, mkia ameufyata.

Basi shikeni hili, wanangu: ushauri husimama kwa sababu za yule anayeshauriwa.

Baraza lilipovunjika, mke wa Simba, aliyekuwa akisikiliza yote, akamfuata Mama Pimbi taratibu. "Umesema ukaeleweka, mwenzangu. Sijasikia ushauri kama huo barazani petu. Ila sababu moja umeiacha. Nilipopita mwambani nilisikia vilio vyembamba ufani."

Mama Pimbi akageuka. "Hiyo ni sababu yangu mimi, mama. Mzee aliuliza habari za uji wake."

Mke wa Simba akainama, akamnong'oneza, "Na mimi nina wachanga nyumbani. Nenda kawanyonyeshe. Sababu yako sitamwambia mtu."