Kauri ya Nne ya Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni taratibu, kuna mtoto amelala.

Hapo zamani za kale, usiku wa manane, ko! ko! ko! Mbodze akashtuka, akamkumbatia binti yake Kache, mwezi umejaa kibanda chote kama maziwa, naye hajui kama yu macho au anaota. Ko! ko! ko! Shoka! Akatoka mbio, mtoto kifuani.

Kumbe ni Nyegere, tajiri wa kauri, zile simbi za kununulia vitu, yuko shinani mwa mbambakofi, mti wa mwisho, ule unaoishikilia chemchemi.

"Jamani, Bwana Nyegere, usiukate! Mtoto atakunywa nini?"

"Nilikukopesha kauri tatu, ukaahidi nne. Ya nne iko wapi, mama Kache?"

"Ya nne nitaitoa wapi? Kauri zote umezifukia shimoni mwako, na kauri haizai! Majirani walikata miti wakakuuzia magogo ili wapate hiyo ya nne, wakakopa tena, wakakata tena, ona sasa, umebaki mmoja!"

"Unaongea vizuri. Lipa sasa." Ko!

Mti ukaguna usingizini. Ganda likapasuka juu, mbegu nne zikadondoka kiganjani mwa Mbodze, nyeusi, zenye kofia nyekundu.

"Mpe hizi," mti ukanong'ona. "Mimi nazaa."

Nyegere akazigeuzageuza. "Zinang'aa! Zipo nyingine?"

"Kila mwaka," Mbodze akajibu, "ukiuacha mti usimame. Tutanunuliana unga kwa hizi, asali kwa hizi, chumvi kwa hizi. Ila masika yakifika, mbegu iliyobaki ipandwe. Usiifiche!"

"Mimi nifundishwe mali na wewe?"

Akalitupa shoka. Mti ukadondosha mbegu tele, watu wakaziacha kauri, mbegu zikatembea mkono kwa mkono. Nyegere, kila aliyoipata akaificha, akaificha, akaificha, shimo lake chini ya kitanda likajaa pomoni.

Masika yakaja. Usiku ule ardhi ikapumua, ikapumua, ikapumua. Asubuhi msitu mzima umesimama juu ya shimo, na Nyegere yuko kileleni, kitanda chake kimenasa tawini.

"Mama Kache, nishushe! Na tafadhali, usimwambie mtu kwamba mimi, Nyegere, nimepanda msitu."

Mbodze akacheka mpaka Kache akaamka, maji yakilia chini ya mizizi.

"Shuka, bwana. Simwambii mtu."

Hadithi yangu imejilaza hapo, kivulini. Nanyi je?

Hatumwambii mtu mwingine!