Mpishi Mmoja wa Kwekidunda

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, msije mkadhani nawaletea mazimwi, palikuwa na Nyumba ya Hesabu. Humo nchi nzima ilifungiwa kabatini: nani ana mbuzi, nani hana choo, nani anakohoa. Mwenye funguo alikuwa Bwana Singano, mtu mwembamba, mwenye maneno machache na macho ya mama mkwe.

Kuingia mle si mchezo. Kwanza uandike barua. Barua ijibiwe kwa barua ya kuuliza barua yako ilikuwa na maana gani. Kisha ule kiapo kwamba hutamtafuta mtu yeyote humo ndani. Kisha usubiri. Ukifika mlangoni, Singano anachukua simu, anachukua kalamu, anachukua hata risiti ya sokoni iliyojikunja mfukoni. Ndani kuna meza, kiti, na karatasi zisizo na majina, kwa kuwa majina Singano alishayafuta. Ukimaliza huondoki na kitu. Jedwali lako linabaki kwake, analipekua kama mtu anayechambua mchele, na popote penye watu chini ya watano anapaziba kwa nyota. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa, na hakuna mtu aliyewahi kujulikana. Alijisifu kwa hilo kimoyomoyo, kila siku baada ya chai ya saa nne.

Siku moja akaja Dokta Nsia, mtafiti wa vifua. Alitaka kujua moshi wa jikoni unawakohoza akina nani, ili vijiji vinavyokohoa sana vipewe majiko yenye bomba la moshi. Akaandika barua, akala kiapo, akasubiri miezi minane. Akakaa mle chumbani wiki sita bila kulalamika hata mara moja, na Singano hakuwa amezoea watu wa namna hiyo.

Jedwali la kwanza likaiva.

"Dokta," Singano akasema, "kijiji kwa kijiji ni hatari. Toa kwa wilaya."

"Kaka Singano, majiko yanagawiwa kwa kijiji. Nikitoa kwa wilaya yataishia mjini."

Singano akaona ana hoja. Akashika kalamu. Kwenye mstari wa kijiji cha Kwekidunda paliandikwa: wanaume wazima, mia mbili kumi na wawili. Wasiopika, mia mbili kumi na mmoja. Wapikao, mmoja. Yule mmoja akamziba kwa nyota. Sasa, sheria inasema ukiziba namba moja, ziba na ya jirani yake, maana jirani husema. Lakini ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, na macho yake yalikuwa yamechoka. Akajisemea, nani huko kijijini ana muda wa kukaa kutoa mia mbili kumi na moja kwenye mia mbili kumi na mbili? Akagonga muhuri.

Majiko yakafika Kwekidunda, na ripoti ikaja nayo. Watu wakakusanyika uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Mahimbo, ambaye hakuna mkutano aliofunga bila kusema kwamba siku mwanamume atakaposhika mwiko, kijiji kimekwisha. Ripoti akapewa Mwalimu Hoza aisome. Mwalimu akasoma, akasoma, akakuta nyota. Na mwalimu wa hesabu akiona pengo, mikono inamwasha.

"Wanaume mia mbili kumi na wawili," akawauliza. "Wasiopika mia mbili kumi na mmoja. Hapa penye nyota ni wangapi?"

"Mmoja," mkutano mzima ukajibu.

Basi, watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wanaume wakaanza kukaguana vidole, nani ana alama ya kuungua. Hakuna aliyemjua, na mambo yangeishia hapo. Ila Mzee Mahimbo akasimama, jasho linamtiririka.

"Atakayesema ni mimi," akasema, "tutaonana baraza la kata."

Uwanja mzima ukamgeukia. Hakuna aliyekuwa amemtaja. Kisha Mzee akakohoa, kikohozi cha jikoni.

Maskini Mahimbo. Mkewe aliumia mgongo miaka sita nyuma, na tangu hapo yeye ndiye aliyesonga ugali, mlango umefungwa kwa komeo. Karani wa Nyumba ya Hesabu alipopita nyumba kwa nyumba akiuliza, Mzee alimwambia kweli, kwa sababu karani aliahidi kwamba neno hilo halitatoka.

Watu walicheka siku tatu. Siku ya nne wakaacha, maana kila nyumba ilikumbuka nayo ilimwambia karani nini. Wakaandika barua kwa Nyumba ya Hesabu: "Karani akija tena, milango imefungwa, hadi mtuletee jina la aliyetoa siri. Jina moja, hatutaki kamati." Vijiji vya jirani navyo vikatia saini.

Mkurugenzi wa Nyumba akamwita Singano. "Waite wote wanaohusika na ripoti ile, wasikilize, kesho uniandikie jina. Na huyo utakayemwandika hatakanyaga tena humu ndani." Singano akachukua karatasi tupu, akijua jina lake mwenyewe lingetosha vizuri kwenye karatasi ile.

Wakaja. Dokta Nsia akaanza. "Mimi nilikula kiapo na nimekitunza. Sikumtafuta mtu. Nilitoka na karatasi uliyoigonga muhuri wewe. Ukiniandika, vijiji vingine thelathini na tisa vitabaki na moshi wao, maana majedwali yao bado yamo ndani."

"Nilikuonya, Dokta."

"Ulinionya, kisha ukaniruhusu."

Mwalimu Hoza akasema, "Mimi sikula kiapo cha mtu. Nililetewa karatasi, nikaisoma. Kutoa ndiyo kazi yangu, nimefundisha watoto kutoa miaka ishirini."

"Lakini uliiona nyota, Mwalimu," Singano akasema. "Ukajua pamezibwa."

"Niliona pamezibwa nusu."

Mzee Mahimbo akavua kofia. "Mimi ndiye mwenye siri. Mke wangu aliitunza miaka sita, hakumwambia hata dada yake. Nyie mmekaa nayo miezi mingapi?"

"Shikamoo kwanza, Mzee," Mwalimu akasema, "lakini ulijitaja mwenyewe. Na aliyefanya mwiko uwe aibu pale kijijini ni nani?"

"Hebu fikiri kijiji kizima kinacheka, wewe peke yako ndiye huwezi kucheka," Mahimbo akajibu. "Ungekaa kimya?"

Wakaondoka. Singano akabaki na karatasi, akaweka funguo pembeni yake. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kufuta majina, na sasa ameambiwa aandike moja. Akamwaza Dokta aliyetaka kijiji kwa kijiji, na Ijumaa ile saa tisa na nusu. Akamwaza Mwalimu na mikono yake inayowasha, na mzee aliyesimama bila kuitwa. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Akaandika jina, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta nalo.

Sasa nyie mliocheka uwanjani pamoja na wale wa Kwekidunda, nimewasikia, msijifiche. Milango kule imefungwa na barua inasubiri jibu. Kalamu hii hapa. Je, nani alitoa siri ya Mzee Mahimbo?