Deni la Kisu

Mnanidai kisa kana kwamba sina kunde za kuchambua. Haya, sikilizeni.

Mashine ya mkonge ilimkata Sikudhani vidole viwili. Alipodai fidia, tajiri wake, Bwana Shekilindi, akamcheka. "Umejikata kwako, unapasua kuni. Hapa nani alikuona?"

Sikudhani akainamisha kichwa. "Yaishe, bwana. Ila roho inanisuta. Mkono wangu uliponaswa, kisu cha mashine kilivunjika. Niandikie deni, nitalipa polepole."

"Kumbe una adabu, mama."

Tajiri akaandika mbio: kisu kimevunjwa na mkono wa Sikudhani, kiwandani, Jumanne, akiwa kazini. Akagonga muhuri.

Sikudhani akaipeleka karatasi kwa afisa wa kazi. Shekilindi akalipa vidole viwili na hospitali yote, na kisu akajinunulia mwenyewe.