Mrashi wa Buluu wa Mwajabu

“Chupa ikivunjika, rangi haivunjiki.” Mmenisikia nikiyasema hayo asubuhi tulipopita Kwamgogo, mahali ambapo leo hapana kitu ila lami, mkadhani bibi yenu kaanza kuweweseka. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hapohapo, na ilianza hivi.

Palikuwa na mwashi aitwaye Mhando. Kazi yake kubwa ilikuwa kupanda vigae vya chupa juu ya kuta za watu, ili mwizi akitia mkono ajute kuzaliwa. Mhando hakupita jalala bila kuinama. Nyumba ilijaa makopo ya vigae, na mkewe, Mwajabu, alikuwa akiyaruka kama mtu avukaye mto.

Mwajabu naye alikuwa na chupa yake moja, mrashi wa buluu alioachiwa na marehemu mama yake. Hakuna harusi iliyofanyika Kwamgogo bila mrashi ule kuazimwa, wageni wakanyunyiziwa maji ya waridi. Mpaka siku moja ukamponyoka mwazimaji ukavunjika. Mwajabu hakumlaumu mtu. Aliviokota vipande, akavitia katika kopo, akaliweka nyuma ya mlango.

Kweli, mficha vigae katika nyumba ya Mhando kamfichia fisi nyama! Wiki haikuisha.

“Baba Zuhura, kopo langu la nyuma ya mlango liko wapi?”

“Lile la vigae? Nimelimalizia leo kwenye ukuta wa Bwana Idarusi. Vigae vizuri hivyo sijapata kuviona.”

Mwajabu aliketi chini. “Mama yangu umempandisha ukutani awafukuze wezi?”

Akainuka. Alifunga kanga zake, akaenda kwa kaka yake. Mhando akabaki na nyumba iliyonyamaza, na kwa mara ya kwanza akayachukia makopo yake.

Asubuhi alikwenda kwa Idarusi na tindo na nyundo.

“Fundi, kigae ni kigae,” Idarusi alimcheka. “Utabomoa kazi yako mwenyewe kwa ajili ya hicho?”

“Hicho ni mkwe wangu, Bwana. Niache nimteremshe.”

Alivibandua kimoja kimoja, vidole vikitoka damu, akajazia vya kijani mahali pake. Lakini alipovimwaga mkekani nyumbani alijua hakuna fundi wa kuurudisha mrashi ule. Alikaa akivitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akainuka, akatoboa kidirisha katika ukuta wa sebule upande wa mawio, akavipanga humo kwa chokaa. Maisha yake yote alikuwa akielekeza ncha kali nje, kwa watu. Safari hii alizizamisha zote ndani ya ukuta.

Kesho yake alimfuata mkewe alfajiri, akamwomba aje aone kitu kimoja tu, kisha aamue mwenyewe. Mwajabu alikuja na uso wake umekunjwa. Jua likachomoza. Buluu ikamwagika mkekani, buluu ileile ya harusi za zamani. Alitandaza kiganja ndani yake, na machozi yakamtoka.

“Kumbe chupa ikivunjika, rangi haivunjiki,” alisema. Kisha akavua kanga ya juu, akaitundika msumarini, akauliza kama kuna unga.

Tangu hapo, kwa kuwa mrashi haukuweza tena kwenda kwa maharusi, maharusi waliujia. Kila bibi harusi wa Kwamgogo aliletwa asubuhi kusimama kwenye mwanga ule. Hata mimi nililetwa, Mwajabu mwenyewe akinishika bega, nikaitazama hina yangu ikigeuka buluu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ee, siku zile!

Barabara ilipokuja, nyumba ilibomolewa pamoja na kidirisha chake. Mhando na Mwajabu walikwisha kutangulia. Lakini kila nikipita pale huitazama mikono yangu hii iliyokunjamana, nami naiona buluu ile. Chupa ikivunjika, wajukuu zangu, rangi haivunjiki.