Kipeo, Kipeuo na Mtamba Mmoja

Nawapa kesi, hukumu mtatoa ninyi.

Huko Muleba waliishi binamu watatu. Nyamwiza alikuwa na jicho. Akitazama bwawa asubuhi, alijua magugu yamesogea hadi wapi tangu alipopita mara ya mwisho. Rwegasira alikuwa na hesabu. Alifundisha sekondari, na wanafunzi wake walisema hata ndoto zake zina namba. Koburungo alikuwa na kompyuta. Aliiandikia programu kama wengine wanavyoandika ujumbe wa simu.

Ushirika wao ulifuga sato katika mabwawa mengi yaliyotawanyika bondeni. Mwaka mmoja magugu maji yakaingia. Bwawa likifunikwa lote, samaki hukosa hewa na kufa. Kikosi cha kung'oa magugu kilikuwa kimoja tu, na kazi ya bwawa moja si ya siku moja. Wakianza na lisilo na haraka, jingine lingekufa.

"Tunaanza na lipi?" akauliza Mzee Byabato, mwenyekiti wa ushirika.

Nyamwiza akazunguka bonde zima. Alichomeka vijiti kwenye ukingo wa magugu, akarudi kila wiki kuvitazama. Bwawa hili, akasema, magugu yanaongezeka mara mbili kwa wiki. Lile mara moja na nusu. Lile pale kidogo tu.

Rwegasira akazichukua kasi hizo, akatafuta kanuni. Akampigia Koburungo simu kutoka shuleni wakati wa mapumziko, wanafunzi wakipiga kelele.

"Dada, chukua eneo la leo, lizidishe kwa kasi iliyopandishwa kwa kipeo cha idadi ya wiki."

Koburungo akaandika. Katika lugha ya programu aliyotumia, nyota mbili zikifuatana huiamuru kompyuta kupandisha namba, yaani kuizidisha kwa yenyewe mara kadhaa. Akaweka nyota zake, akaendesha. Kwenye kioo, wiki ya kwanza magugu yaliongezeka. Ya pili yakapungua. Ya tatu yakapungua zaidi.

Mzee Byabato akacheka. "Basi twendeni tukapumzike! Magugu yanajiondokea yenyewe."

"Yanakwenda wapi, baba mkubwa? Yana nauli?" akauliza Nyamwiza. "Sijayaona yakirudi nyuma hata kijiti kimoja. Hiyo kompyuta haijawahi kufika bwawani."

Koburungo akakereka. "Wiki ya kwanza hailingani na vijiti vyako?"

"Inalingana."

"Sasa?"

"Sasa zinazofuata ni uongo."

Rwegasira akaisoma programu kwenye kioo, akasimama kwenye mstari mmoja. "Hapa, baada ya nyota, umegawanya moja kwa idadi ya wiki. Hicho ni kipeuo. Mimi nilisema kipeo."

"Ulisema kipeuo."

"Mimi? Mwalimu wa hesabu?"

"Wewe, na kelele za watoto wako."

Tofauti ni herufi moja. Kipeo huikuza namba. Kipeuo huirudisha kwenye mzizi wake. Kwa wiki moja vyote viwili hutoa jibu lilelile, ndiyo maana mwanzo ulionekana safi. Koburungo akafuta ule mgawanyo, akaendesha tena. Programu ikapanga mabwawa yote kwa hatari. La kwanza likawa bwawa la chini kabisa, ambalo magugu yake siku hiyo yalitosha mkeka mmoja, lakini kasi yake ilizidi ya mengine yote. Hakuna aliyekuwa analihofia.

Kikosi kikaufuata mpangilio huo. Hakuna bwawa lililofunikwa. Sato wakakua, wakavuliwa, watu wakala na kuuza.

Siku ya mavuno Mzee Byabato akaleta mtamba wa ng'ombe mwenye mimba. "Zawadi ni hii tu. Kumgawa ni kumchinja, na sitaki."

"Mimi nilikataa wakati nyote mmeshafurahi," akasema Nyamwiza.

"Ulikataa, lakini hukujua kosa liko wapi," akasema Rwegasira. "Nililiona mimi, na kanuni ni yangu."

"Mkaliona, halafu?" akasema Koburungo. "Mabwawa yote hayo mngeyapanga kwa vidole?"

"Lakini kosa ni lako!" akasema Rwegasira.

"Au la ulimi wako."

Wakacheka, kisha kila mmoja akamtazama mtamba. Mzee Byabato ameshika kamba, mtamba anatafuna majani, na mzee amesema hukumu ya aliyesikia yote ataikubali.

Basi wewe uliyesikia, sogea karibu: kamba ungemkabidhi nani, na wale wawili watakaobaki ungewaambia nini?