Siku Sundol Alipoitika

Heri kununua joto kuliko kununua majuto. Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa nyinyi wajukuu zangu mmekuja kutoka mjini mkidhani bibi yenu hubuni maneno ili apate la kuwagombezea, kaeni hapa sakafuni penye joto mnisikilize. Daon, acha kununa. Siu, nawe acha kucheka, maana nusu ya wali wa nafaka tano niliohangaika nao tangu jana imeliwa na mbwa.

Kaka yako Siu alikuita, Daon. Alikuwa amesimama nje ya mlango, sufuria mikononi na theluji miguuni, akikuita umfungulie. Ukamsikia, ukafumba mdomo, ukidhani anataka kukuuzia joto. Sufuria ikamponyoka. Na mbwa wetu, ambaye kwa mila za Korea siku ya leo hapewi chakula mpaka mwezi utoke, akapata karamu ambayo babu zake hawakuiota. Mbwa nimekwisha kumsamehe. Wewe nitakusamehe nikimaliza.

Mchezo wenyewe mnaujua. Asubuhi ya mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka, kabla jua halijachomoza, unamwita rika lako kwa jina lake. Akiitika tu, unamwahi: “Nunua joto langu!” Basi joto lote la kiangazi kijacho lililokuwa likupate wewe linamhamia yeye, nawe utalima na kuvuna bila kuugua jua. Wazee hawauziwi, ni utovu wa adabu. Lakini marika huviziana tangu alfajiri, na aliye mjanja haitiki hata akiitwa na mkewe.

Zamani, kabla kijiji hiki cha Bamgol hakijaona lami wala umeme, palikuwa na kijana aitwaye Chunsam ambaye katika kuuza joto hakuwa na mpinzani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mzaha tu, na mtu wa mzaha akishazoea kuchekewa hajui tena pa kuishia. Mwaka mmoja alimwita jirani yake Namgil akimwambia ng'ombe wake amezaa. Namgil akatoka mbio akishikilia suruali isidondoke, akaitika, “Naam! Yuko wapi?”, akauziwa joto papo hapo. Mwaka mwingine Chunsam alipiga kelele kwamba paa la mtu linaungua. Watu walicheka, lakini walicheka huku wakiweka nadhiri kwamba mwakani hawatamwitikia hata akisema mbingu zinaanguka.

Aliyekuwa hajui kuweka nadhiri ni Sundol, rafiki wa Chunsam tangu utoto wao. Huyu alikuwa mtu wa kuitika. Jina lake likitajwa hata kwa bahati mbaya, utasikia, “Naam, nipo.” Kila mwaka marika wenzake walimuuzia joto mmoja baada ya mwingine, naye alilipokea huku akicheka, mpaka wakampa jina la Ghala la Joto. Mkewe aliitwa Mama wa Yecheon, kwa kuwa zamani zile mwanamke aliyeolewa aliitwa kwa kijiji alikotoka. Jina lake hasa sikuwahi kulijua, na hilo huniuma mpaka leo.

Sasa, kiangazi kilichotangulia mwaka ninaousimulia, Sundol alianguka shambani akipalilia mpunga. Jua lilimpiga wakambeba juu ya ubao wa mlango, na kwa siku kadhaa hakumtambua mtu. Alipopona, majirani walitania kidogo kwamba ghala limejaa, lakini Mama wa Yecheon hakutania. Yeye aliamini kabisa kwamba mumewe alikuwa amebeba joto la kijiji kizima. Walikuwa na mtoto mchanga, Bunim, ambaye hata kukaa hajajua. Akamtaka mumewe aahidi kwamba mwaka ujao hataitika, aitwe na nani, aitwe vipi. Sundol akaahidi, naye hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

Siku ikafika. Katika kila nyumba watu walikuwa wameamka gizani, wanavunja njugu kwa meno ili mwaka mzima meno yao yawe imara. Walikuwa wamekwisha kunywa lile funda moja la pombe ya mchele, baridi, linalonywewa asubuhi hiyo ili kuzibua masikio yasikie habari njema. Kijiji kizima, basi, kilikuwa na masikio yaliyozibuliwa na midomo iliyofungwa.

Chunsam hakuwa nyumbani. Alikuwa ametangulia mlimani kukata matawi ya misonobari, yale tunayoyajenga kama kibanda na kuyachoma jioni mwezi unapotoka. Alitaka arudi mapema ili awahi biashara yake ya joto. Akafunga mzigo kwenye kibebeo cha mbao mgongoni, akateremka, akaanza kuvuka mto kwa yale mawe ya kukanyagia. Mawe yalikuwa na barafu. Mguu ukateleza, mzigo ukamsukuma, akatumbukia. Kile kibebeo kikakwama katikati ya mawe, na mikanda yake ikamshika mabegani kama mtu aliyefungwa kamba. Maji yalimfika kifuani, na mnayajua maji ya mto huu wakati wa theluji.

Mto uko hapo chini tu ya nyumba, sauti ya Chunsam ilifika kila mlango. Lakini kingo za mto zimeinuka juu, hakuna aliyeweza kumwona. Akamwita Namgil. Namgil alisema baadaye kwamba alijiziba mdomo wake kwa mkono mmoja na wa mkewe kwa mkono wa pili. Akamwita wa nyumba ya pili, na wa tatu. Akapiga kelele kwamba ameanguka mtoni, wamsaidie, anakufa. Watu wakatazamana wakitabasamu, wakasema mwaka huu Chunsam amejitahidi. Sauti ilipoanza kufifia, wakadhani amekata tamaa kwa kuwa kunakaribia kucha.

Wa mwisho kuitwa alikuwa Sundol. Nyumba ya Sundol ilikuwa ya mbali kuliko zote, lakini sababu haikuwa hiyo tu. Chunsam mwenyewe alikiri kwamba aliona haya. Kiangazi kile yeye ndiye aliyeshika upande mmoja wa ule ubao wa mlango waliombebea Sundol.

“Sundol!”

Sundol akaacha kutafuna. Mkewe, aliyekuwa na mtoto mapajani, akanyoosha mkono akamshika goti.

“Baba Bunim, uliniahidi.”

“Niliahidi.”

 Jina likaja tena, dogo zaidi.

“Anatania,” alisema mkewe. “Kila mwaka anatania.”

“Pengine anatania,” alisema Sundol. “Akiwa anatania, nitapata jua. Na kama hatanii?”

“Na sisi je?” Mama wa Yecheon aliuliza, na alikuwa analia. “Ukianguka tena, mimi na huyu tutakuwa wageni wa nani?”

 Sundol aliutoa mkono wa mkewe gotini taratibu, akaurudisha juu ya mtoto. Akausukuma mlango wa karatasi, akatoka kibarazani, akaitika kwa sauti ambayo kijiji chote kiliisikia.

“Naam, Chunsam! Nipo!”

Wajukuu zangu, hapo nyuma ya kila mlango watu walijiandaa kucheka. Ghala la Joto limefunguliwa tena! Walingoja yale maneno matatu, nunua joto langu. Wakangoja. Hayakuja. Palisikika mto tu.

Ndipo kijiji kizima kilipozibuka masikio. Milango ikafunguka kwa pamoja, watu wakateremka mbio, wengine bila viatu. Na aliyefika wa kwanza hakuwa Sundol, kwani Sundol alikuwa angali akitafuta viatu vyake vya majani. Alikuwa Mama wa Yecheon, miguu mitupu juu ya theluji, mtoto amefungwa mgongoni, mundu mkononi. Ni yeye aliyeingia majini akaikata ile mikanda.

Wakambeba Chunsam mpaka nyumbani kwa Sundol, wakamlaza sakafuni pale karibu na jiko, ambapo moshi hupita chini na mawe huwa ya moto. Wakamvua nguo, wakamfunika kwa kila walichonacho. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Nyumba ilijaa watu na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake usoni. Namgil alikaa mlangoni, ameuficha uso magotini.

Baada ya muda macho ya Chunsam yalifunguka, na midomo ikaanza kutikisika. Sundol akainama.

“Niite,” alisema Chunsam.

“Nini?”

“Niite jina langu. Jua bado halijatoka.”

Sundol akamtazama, hakuelewa, lakini akamwita. “Chunsam.”

“Naam.”

Sundol akamvutia blanketi hadi kidevuni.

“Sema basi, ndugu yangu,” alisema Chunsam, meno yakigongana. “Nasikia baridi.”

Sundol akamshika mkono. 

“Nunua joto langu.”

“Nimelinunua.”

Watu walicheka na kulia kwa wakati mmoja, kama tulivyo sisi watu wa Bamgol. Namgil akainuka pale mlangoni, akaja akapiga magoti. “Chunsam,” akaita. “Naam,” akaitika yule. “Nunua joto langu, na unisamehe.” Wakafuata wengine, marika wote, kila mmoja akimwita na yeye akiwaitikia, mpaka jua lilipogusa ukuta wa mashariki na biashara ikafungwa. Siku hiyo hakuna mwanamume wa rika lile aliyebaki na joto lake, wote walimpa yeye.

Msiniulize kama joto lilihama kweli. Ninalolijua ni kwamba kiangazi kile, saa ambazo jua ni kali kuliko zote, Chunsam alionekana akipalilia mpunga katika shamba la Sundol. Sundol akitaka kushika jembe alifukuzwa. “Toka hapa,” Chunsam alimwambia, “hili jua ni langu, nimelinunua.” Basi Sundol alikaa kivulini na Bunim wake. Na ilipofika sikukuu ya Dano, tunapopeana pepeo za karatasi kukaribisha kiangazi, kila nyumba ilimpelekea Chunsam upepeo mmoja, akawa na pepeo nyingi kuliko ofisa wa mfalme. Mzaha hakuuacha, lakini joto hakuuza tena maisha yake yote.

Siku moja kisimani wanawake walimuuliza Mama wa Yecheon kama alimkasirikia mumewe kwa kuvunja ahadi.  Aliteka maji yake kwanza, akajitwika. Kisha akawaambia kwamba mkono uliomshika mumewe goti ni mkono wake huu huu, na kwamba kama Sundol angemtii, angeutazama mkono huo kila siku mpaka kufa kwake. “Jua humpiga mtu likatua,” alisema. “Heri kununua joto kuliko kununua majuto.” Wanawake wakayachukua maneno yale pamoja na maji yao, na kufika jioni yalikuwa katika kila nyumba.

Chunsam alioa majira ya vuli yaliyofuata, akapata watoto, na kitinda mimba wao ndiye baba yangu. Sasa Daon, hesabu mwenyewe. Kama Sundol angefumba mdomo asubuhi ile, nani angekuwa hapa kukugombeza, na nani angegombezwa?

Haya. Siu, dirisha bado lina giza na jiko linataka kuni, nenda kaniletee. Na uufunge mlango, baridi inaingia. Wewe Daon, nipe hizo njugu nikuvunjie, meno ya mjini hayafai.

Umesikia? Anakuita tena. Unanitazama mimi kwa nini? Jina lililoitwa si langu.

“Abee, kaka! Nakuja!”

Sikiliza kicheko hicho huko nje. Amekuuzia, jambazi huyu, amemrithi babu yake Chunsam kabisa. Usijali, mwanangu, Dano ikifika nitakununulia upepeo mzuri kuliko wote sokoni. Nenda ukamfungulie mlango, mikono yake imejaa kuni. Heri kununua joto kuliko kununua majuto.