Korongo, Mwari na Gando la Kaa

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale pwani ilikuwa na sheria, na sheria ilikuwa na Kaa.

Korongo aliishi mashambani. Chakula chake cha kila siku kilikuwa vyura na panzi. Lakini kila Ijumaa alikwenda ufukweni kuvua, kwa raha zake tu. Ijumaa moja mama yake akamwambia, "Mwanangu, vyura nimewachoka. Niletee samaki, changu mmoja. Mmoja tu."

"Nitakuletea, mama."

Korongo akaenda. Akasimama majini. Akangoja, akangoja. Chup! Akatoka na changu mdomoni. Mara Kaa huyo, kwata kwata kwata, gando juu.

"Simama hapo hapo! Mlaze mchangani. Sheria inasema samaki awe na urefu wa gando langu."

Kaa akapima. Akapima tena.

"Amepungua ukucha. Mrudishe."

Korongo akamrudisha. Kumbe palepale alikuwa akielea Mwari, ndege mwenye mfuko chini ya mdomo. Mwari akaufungua mfuko. Gubu! Changu ndani.

"Afisa Kaa, umeona?"

"Nimeona nini?"

"Mwari amemchukua! Na mfuko wake umejaa watoto wa samaki. Mpime na yeye!"

"Sheria inasema samaki hupimwa mchangani," akasema Kaa. "Mwari hapandi mchangani. Samaki asiyefika mchangani hajavuliwa."

Mwari akacheka. "Kaka Korongo, wewe unacheza. Mimi niko kazini."

Korongo akarudi nyumbani.

"Changu yuko wapi?"

"Amepungua ukucha, mama."

Ijumaa ya pili. Chup! Changu mkubwa, amezidi gando. Kwata kwata kwata.

"Umesimama kwa miguu miwili," akasema Kaa. "Sheria mpya. Anayevua kwa raha atasimama kwa mguu mmoja. Mrudishe."

Gubu!

"Changu yuko wapi?"

"Miguu yangu imezidi, mama."

Ijumaa ya tatu Korongo akasimama kwa mguu mmoja. Lakini Mwari alikuja na ndugu zake. Walijipanga toka mwamba huu hadi mwamba ule, mifuko wazi. Gubu, gubu, gubu! Korongo alisimama toka asubuhi hadi alasiri asione hata pezi.

Kwata kwata kwata.

"Samaki wamepungua," akasema Kaa. "Kwa hiyo Ijumaa imefungwa. Tunawalinda samaki."

"Mnawalinda na nani?"

"Na wewe."

"Changu yuko wapi?" mama akauliza.

"Ijumaa imefungwa, mama."

"Ijumaa inafungwaje?"

Korongo akageuka, akatoka. Akaenda kwenye baraza la Mzee Kasa, pale ufukweni. Desturi ya baraza lile ni moja: kila anayefika hupanda mchangani, huinamisha kichwa hadi chini, humwamkia mzee. Wote waliamkia. Mwari peke yake alisikiliza akiwa majini, kama siku zote.

Korongo akasimama. "Mzee Kasa, leo sisemi habari za samaki. Nauliza habari za adabu. Mwari amekuamkia?"

Baraza likageukia majini.

"Sijamsikia," akasema Kasa.

"Mmmh-mmh," akajibu Mwari kutoka majini.

"Huyo anaamkia au anakoroma?" akauliza Shakwe, ndege wa pwani. Baraza zima likaangua kicheko.

Mwari akaona aibu. Akatoka majini, tepe tepe tepe. Akainama. Akafungua mdomo.

"Shika..."

Bwaaa! Samaki wakamwagika. Dagaa, changu, watoto wa kolekole, wote wanarukaruka.

"Afisa Kaa," akasema Korongo. "Hapa ni wapi?"

Kaa akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Mchangani."

"Basi pima."

Kaa akapima. Amepungua, rudisha! Amepungua, rudisha! Baraza zima likarusha samaki majini. Gando la kulia likachoka, akatumia la kushoto. Katika rundo lote, waliotimiza urefu walikuwa watatu.

Kasa akatoa hukumu. "Kuanzia leo, mfuko nao ni mchanga. Na Ijumaa ifunguliwe."

Ijumaa ikafika. Korongo akasimama kwa mguu mmoja, maana sheria ile hakuna aliyekumbuka kuifuta. Chup! Changu. Kwata kwata kwata.

"Amepungua ukucha," akasema Kaa.

Korongo akamrudisha. Mwari akamtazama changu. Kaa akamtazama Mwari. Mwari akafunga mdomo. Changu akaenda zake.

"Changu yuko wapi?" mama akauliza.

"Anakua, mama."

"Mwambie afanye haraka. Mimi nilishamaliza kukua."

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Sheria ikimpima mwenye samaki mmoja na kumwacha mwenye mfuko, hailindi samaki. Inalinda mfuko.

Hadithi yangu imeishia hapo, mchangani. Anayetaka kuipima, aipime.